Siku Nilipomwangusha Shefu kwa Kuku

Bandugu, hii aibu nitawaambia mwenyewe kabla Mama Aline hajawaambia, maana yeye anaongezaga chumvi. Ilikuwa mjini Baraka, siku ya kufungua kanisa letu jipya, watu wameshuka mpaka kutoka Fizi-Centre, na pasta mgeni wa Kinshasa hajui Kiswahili hata cha kuomba maji. Mama Aline, mukubwa wa kwaya, akaniuliza, "Riziki, Kifaransa unasikia muzuri?" Nikajibu, "Bien bien!" (kumbe nusu nasikia, nusu ninakisia), basi nikapewa maikrofoni ya kumtafsiria pasta, mi huyu mfupi ambaye nikisimama nyuma ya meza ya mahubiri inaonekana kitambaa cha kichwa tu.

Tulianza vizuri, mpaka pasta akapaza sauti kwamba Mungu anamwinua "le chétif". Neno hilo sikuwahi kulisikia, lakini kwenye bafle, ile spika kubwa, lililia kama "chef", nami badala ya kuuliza nikatangaza, "Mungu anamuinua shefu!" Weee! Bamama wakapiga vigelegele, na shefu wetu, mukubwa wa mtaa, baba mwenye tumbo lake la heshima, akasimama kutoka kiti cha mbele akatupungia mikono.

Pasta akafurahi, akaendelea kueleza huyo chétif wake alivyo, nami nyuma yake nikitafsiri, sina pa kutorokea: "Shefu iko na njaa! Magoti yake inatetemeka! Hata kuku inaweza kumuangusha!"

Kanisa likalipuka kwa kicheko. Shefu akakaa polepole, ananitazama. Jasho likanitoka mpaka kwenye nyayo, nikaona mlango, nikaona pia umati uliojaa mlangoni, basi nikamgeukia pasta nikamuuliza, maikrofoni ingali mdomoni, wote wanasikia: chétif ni nini?

Hakucheka. Alinieleza taratibu, na safari hii nilitafsiri nilichokielewa:

"Bandugu, munisamehe, nilijifanya. Si shefu. Ni munyonge, muntu mudogo asiye na nguvu. Na pasta anasema, zamani sana hilo neno lilitoka kwenye neno la mateka, muntu mwenye kufungwa. Basi Mungu akimuinua munyonge, anamukata kamba!"

Halafu mama mmoja aliyekimbia vita kule Kilembwe akasimama nyuma kabisa, akalia, "Basi ni sisi! Mungu atukate kamba!" Watu wakainuka benchi kwa benchi, ngoma zikaanza zenyewe, na shefu naye akainuka akipiga kelele, "Na mi munihesabu, mi pia niko chétif!" Pasta alishindwa kumaliza mahubiri, tulicheza mpaka vumbi la sakafu mpya likatufunika.

Wakati wa kula shefu akanishika bega. "We mama, umenifanya nikonde mbele ya batu bote." Tukacheka mpaka machozi.

Lakini nimeapa: sasa kabla ya kushika maikrofoni ninakaa na mhubiri, ninamwuliza maneno yake yote magumu, hata akinuna. Ukiuliza, ujinga wako anausikia mtu mmoja. Ukijifanya, bafle linaupeleka mpaka kijiji cha Swima.