Matawi Yaliyolazwa Barabarani

Juzi, njiani kwenda Nathenje, dereva wa minibasi aliona matawi yamelazwa barabarani, akazima redio. Utotoni sikujua kwamba hiyo ni alama ya msiba. Siku moja, sisi watoto tulitoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka na baiskeli saba, tukafuata mfereji wa mashamba, tukayakanyaga matawi huku tukipiga kengele. Kando walikaa watu wengi, kimya kabisa, katika harufu ya moshi. Nikadhani ni wafu.

Mbele nikahesabu baiskeli: sita. Nikahesabu upya: sita. Mdogo wangu Furaha hakuwepo. Nikarudi, nikamkuta ameketi katikati yao.

“Chukueni baiskeli, muniachie mtoto!” nikawaambia.

“Yaya, shuka kwanza,” Furaha akaninong'oneza mimi mkubwa wake. “Bantu bako na kilio.”

Mama mmoja kati ya hao wafiwa akanishika mkono, akanikalisha. Kiganja chake kilikuwa na joto. Nilikigusa tena, kuhakikisha.