Mjakaranda wa Mama

Asubuhi moja niliondoka Riyadh, nilikokuwa nikifanya kazi, bila mpango, na jioni nikawa Jeddah, mtaa wa Al-Hamra, nikitazama bogenvilia zilizofunika kuta za majumba. Nikakumbuka alasiri ile kule nyumbani, kwa muuza miche, harufu ya samadi mbichi, na mama mwenye pasipoti mpya, tayari kuja huku kufanya kazi za nyumbani.

“Mathe, chukua bogenvilia, mwakani ina maua,” muuzaji alimshauri. “Mjakaranda utakungojesha miaka.”

Mama alichukua mjakaranda. “Ukichanua, nitakuwa nimerudi,” akaniambia.

Nilidhani ameupendea rangi. Sasa najua alichagua unaochelewa. Hata hivyo ulichanua, ukapukutika, na simu zake kutoka Jeddah zilikuwa zimekoma zamani.

Kule Balad, mji mkongwe wa Jeddah, mlinzi mmoja wa kwetu alinipa kitanda chumbani kwake.

“Utakaa hadi lini, ndugu?”

Nilitaka kumtajia mti, nikamwuliza nyumba zipi za Al-Hamra huajiri akina mama wa kwetu.