Waipa Haifuti Ukungu wa Ndani

Nakumbuka asubuhi ile, mwanangu, tulipomtoa dada yangu Somoe, ambaye ndiye bibi yako, hospitali kule Masasi kumrudisha nyumbani Mkunya na kichanga chake. Mvua ilikuwa imeshika. Usukani nimeshika mimi, mjomba kando yangu; gari ni lake, kuukuu, mlango mmoja umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Shule niliishia la tatu, lakini gari nililiweza. Au nilijiona hivyo, ujana nao!

Mama yetu alikaa nyuma, kampakata mjukuu. Akaamuru vioo vyote vifungwe, maana kwetu mzazi wa jana hapigwi upepo. Tukafunga. Ndani tuko watu wazima wanne, chupa ya uji wa moto, na beseni la nepi zilizofuliwa zikakosa jua.

Kule chini safari ilikuwa njema. Tulipoanza kupanda mlima wa Newala, baridi ya juu ikatupokea na kioo cha mbele kikawa cheupe kama kimemwagiwa tui. Nikawasha waipa. Inakwenda krr, krr, weupe uko palepale. Nikafuta kwa kiganja, na kiganja chenyewe nimetoka kulia karanga za kukaanga. Basi ikawa mafuta juu ya maji.

Mara honi! Lori la korosho linateremka, limejaa mbele yetu. Nikakata kushoto, gurudumu likasimama ukingoni, na chini yake ni bonde. Kichanga kikalia. Somoe naye akalia, bila sauti, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Nikangoja kofi. Mjomba akasema taratibu, "Mpwa wangu, waipa iko nje. Ukungu uko wapi?"

"Ndani, mjomba."

"Nani kauleta?"

Nikatazama beseni. "Sisi wenyewe. Pumzi zetu na hizo nepi."

"Basi ufungulie njia utoke."

Mama akaruka, "Mtoto apigwe upepo?"

"Dada, upepo tutamkinga kwa kanga. Bonde utamkinga kwa nini?"

Mama akacheka huku machozi yanamtoka. "Haya, mjuaji. Lakini ufa tu!"

Ukawa ufa tu. Beseni tukalifunga juu kwenye keria, mtoto akafunikwa vizuri, vioo vya mbele vikashuka kidogo. Mama akanipa kanga kavu nikafuta yale mafuta. Kioo kikatakata polepole, njia ikaonekana, tukafika.

Mwanangu, nasikia umepata leseni. Magari yenu yana kiyoyozi. Kiwashe hata kama kuna baridi, upepo uelekeze kioo cha mbele, maana unakausha. Nguo mbichi na miavuli iliyolowa usivilaze ndani. Kitambaa kikavu kiwe karibu. Na usipoona, simama. Aliyechelewa hulaumiwa, lakini kafika.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kweli. Ila upo ufa mwingine ni wa kuachwa. Hata nyumbani, watu wakijifungia na maneno yao kifuani, macho huingia ukungu, na kila mmoja akasema ubaya uko nje. Fungua kidogo, mwanangu. Sema, usikie.

Kichanga kile ndiye mama yako, na kila ukitoka na gari hatalala mpaka usikike mlangoni. Mungu akuoneshe njia mbele yako, na akurudishe mzima kwa mama yako.