Siku Niliposugua Taa za Baba

Jirani yangu anafuga vifaranga. Amewawekea boksi uani, na juu ya boksi amening'iniza balbu ndani ya sufuria kuukuu ili wapate joto. Juzi nilipita pale kuomba limau, nikapigwa na harufu ile: bati la moto, vumbi linaloungua, na kwa mbali kitunguu cha pilau lililoliwa zamani sana. Nikasimama. Jirani akaniuliza, "Bibi, vipi, kizunguzungu?" Nikamwambia aniache kwanza. Ningemwelezaje kwamba hiyo ndiyo harufu ya shule yangu?

Maana shule ile nyingine, ya madaftari, niliishia darasa la nne. Silifichi hilo wala silionei haya. Leo nina studio yangu mwenyewe hapa Temeke, ndani ya nyumba niliyoijenga mwenyewe. Nimepiga picha maharusi, nimewapiga na watoto wao, na vijana wenye vyeti huja kuniuliza mambo ya mwanga nilisomea wapi. Nawajibu: sebuleni kwetu. Wanacheka, wanadhani bibi anatania.

Sebule yenyewe ilikuwa chumba chembamba. Siku za katikati ya wiki tulikula humo. Jumamosi na Jumapili Baba alitoa meza nje, akaviringisha mkeka, sebule ikawa studio. Pazia la nyuma lilikuwa kitambaa cheupe cha marekani alichokichora mwenyewe kwa rangi ya mafuta: ndege kubwa ya abiria, na ngazi yake. Baba hakuwahi kupanda ndege, na ilionekana. Madirisha yalipishana ukubwa, na mkia ulifanana na wa samaki changu. Lakini watu waliipenda. Mtu alisimama mbele yake na begi la kuazima, picha ikatumwa kijijini, na kijiji kizima kikajua fulani amefika mbali.

Taa zilikuwa mbili. Wenye studio zao mjini walikuwa na taa za dukani. Sie tulikuwa na sufuria za Mama zilizotoboka. Baba aliyapanua matundu, akapitisha vishikio vya balbu, akazifunga kwa mpira wa baiskeli kwenye mipini ya fagio aliyoisimika ndani ya makopo ya saruji. Kisha akazipaka chokaa kwa ndani. Kwa nini chokaa, sikujua wala sikuuliza. Nilichojua ni kwamba zilionekana chafu.

Na mie kazi yangu? Mie nilikuwa kipimo. Kabla mteja hajaketi niliketi mie, juu ya mto ili nifikie kimo cha mtu mzima, na Baba akazisogeza taa huku na huku akinitazama usoni. "Inauma?" anauliza. Nikisema inauma, anarudisha nyuma. Alikuwaga na msemo wake: taa mbaya ni kama mgeni mwenye kelele, akiingia ndani humwoni mtu mwingine.

Sasa, mtaani kwetu enzi hizo msichana alipimwa kwa matako ya sufuria. Vyombo ulivianika uani, kila apitaye anaona, na kama sufuria yako ina masizi, jina lako limefika mtaa wa tatu kabla ya adhuhuri. Mama alinifundisha kusugua kwa kumbi la nazi, jivu na mchanga, mpaka nione meno yangu. Nilikuwa na miaka tisa na hapakuwa na mtoto wa kunishinda. Basi Jumamosi moja ya masika Mwanaidi, mtoto wa nyumba ya pili, akachungulia sebuleni, akapiga makofi.

"Heee! Kwenu nyie sufuria zina ukoko, halafu mmezitundika sebuleni kama picha ya harusi!"

Masikio yaliniwaka. Mama alikuwa msibani Kurasini, Baba ameenda kununua filamu. Nikazifungua zile sufuria, nikazibeba hadi uani, nikasugua. Nilisugua, jamani! Chokaa yote ikatoka, na ukungu wa miaka uliokuwa chini ya chokaa ukatoka nao, zikang'aa kama kioo cha kinyozi. Nikazirudisha mahali pake, nikakaa kusubiri kusifiwa.

Baba alirudi na wateja nyuma yake, na mvua nyuma yao. Mteja alikuwa Anko Sixtus, mpakua mizigo bandarini, mwenye mabega ya kuziba mlango, amemshika mkono mama yake mzazi. Bibi yule alikuwa ameletwa kutoka bara kutibiwa macho, na kesho yake alfajiri alikuwa anarudi kwao. Sixtus alikuwa mtu mzima na hakuwa na picha hata moja ya mama yake. Aliitaka siku hiyo, maana hakujua watakutana tena lini. Na aliitaka mbele ya ndege.

"Kaa," Baba akaniambia. Nikapanda kwenye mto wangu. Akawasha.

Mwanga ule ulinijia kama kofi. Hapo hapo nikajua chokaa ilikuwa ya nini. Baba alikuwa ameinamia kamera anaweka filamu, na nje mvua imeanza kupiga bati.

"Inauma?"

"Haiumi," nikasema, nimekodoa macho huku machozi yakinishuka hadi kidevuni. Uongo nimesema mwingi maishani, ukiwemo wa biashara, lakini ule ndio unaonirudia. Baba hakuinua kichwa. Alizoea kuniamini.

Bibi akaketi. Alikuwa na kitenge kipya ambacho bado kina mikunjo ya dukani, rozari shingoni, na macho mekundu kama ya mtu aliyekesha jikoni. Taa zilipompata akayafumba kwa nguvu zote. Baba akamwomba ayafumbue. Akayafumbua, yakajaa maji, yakajifunga tena.

"Mama, jikaze kidogo," Sixtus akasema. "Mara moja tu."

"Najikaza, baba. Yanachoma kama pilipili."

Akajaribu tena, na tena, mikono imekamata kiti. Sixtus akachoka kumtazama. "Fundi, mpige hivyo hivyo amefumba. Nitafanyaje?"

"Aliyefumba macho anapigwa picha akiwa kwenye sanda," Baba akamjibu. Ndivyo alivyokuwa, hakuremba maneno, na mie nimerithi. "Mama yako yu hai."

Ndipo neno likanitoka. "Baba, nimezisugua."

Baba akageuka, akaitazama sufuria moja, akaitazama ya pili.

"Kasugua nini?" Bibi akauliza, bado amefumba.

"Sufuria za taa!" Sixtus akafoka. "Huyu mtoto ametuharibia!"

"Tangu lini mtoto wa kike kusugua sufuria ikawa kesi?"

Baba hakucheka. Alizima taa zote mbili. Kupaka chokaa upya ilikuwa haiwezekani. Chokaa mbichi ingeidondokea balbu ya moto, ikampasukia bibi usoni. Gizani humo akapanda kigoda, akaishusha ndege. Akaitundika ukuta wa pembeni, picha imeelekea ukutani na mgongo wake mweupe umeelekea kwa bibi. Sufuria nazo akazigeuzia kitambaa, zikampa bibi kisogo.

"Fundi, sie tumekuja kwa ajili ya ndege!"

"Ndege ipo. Imegeuka tu."

"Sasa kijijini watajuaje kama alifika..."

"Sixtus," bibi akasema, "mimi nilikuja kwa basi."

Baba akawasha. Mwanga ulikwenda kwenye kitambaa kwanza, ukatulia pale, ndipo ukaja kwetu polepole kama maji ya uvuguvugu. Baba akaniita nikae chini, karibu na goti la bibi. "Inauma?" Nikasema haiumi. Akanitazama sana. "Inauma?" Nikasema, "Wallahi Baba, haiumi."

Bibi akafumbua jicho moja, likafuata la pili. Akatazama huku na huku, akanikuta pale chini. "Kumbe u mdogo hivi," akasema, akatabasamu kwa mapengo yake yote. Baba akabonyeza. Nyuma yake palikuwa na ukuta wetu wa kijani uliobanduka, basi.

Sixtus alipokuja kuichukua picha, sie tulijiandaa kwa ugomvi. Aliishika muda mrefu. "Kumbe macho haya," akasema, "nimechukua kwake." Akaiingiza mfukoni mwa shati, akaondoka bila kwaheri. Baadaye wenzake wa bandarini wakaanza kuja, wanataka kupigwa kama mama yake Sixtus. Mwanaidi naye alikuja, na nguo ya sikukuu.

Msidhani nilipigwa. Wala sikukumbatiwa, kwetu hatukumbatiani. Jumamosi iliyofuata Baba alikaa kwenye kiti yeye mwenyewe, juu ya mto wangu, akaniambia, "Haya, panga taa." Nikapanga. "Inauma, Baba?" "Inauma. Sogeza." Tulifanya hivyo wiki baada ya wiki, na majirani wakimwuliza kwa nini anampa mtoto wa kike kazi ya umeme, alijibu kwamba wa kiume hajasugua sufuria hata moja. Kila nilichonacho leo kimetoka kwenye kiti kile. Mungu amlaze pema.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama kisa cha ujanja: angalieni, kosa langu ndilo lililotuzalia mwanga wetu. Mpaka mwaka jana, macho yangu nayo yalipotibiwa, nikaketi mbele ya taa ya daktari nimeng'ang'ania kiti. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokiona nikiwa na miaka tisa. Mtoto anadhani baba yake alikuwa anatafuta picha. Lakini Baba alizima taa kwanza. Alikuwa anamtafutia mama wa mtu namna ya kukaa asiumie, na macho yale yalipofumbuka ndipo alipokumbuka kwamba ana kamera.