Moto wa Musonda

Njia ya baiskeli ilikuwa imekwisha tangu asubuhi, na Désiré, karani wa reli mwenye viatu vya mjini, alifika kambini kwa Musonda akichechemea. Kambi yenyewe ilikuwa kibanda cha nyasi, chanja ya kukaushia nyama, na moto mdogo. Lubumbashi, ambayo ramani zilikuwa zingali zikiiita Elisabethville, ilibaki nyuma na bendera yake mpya na askari wake katika kila njia panda.

Désiré aliona moto unafifia, akainama kusukuma kuni. Fimbo ikamgonga kidole.

"Acha!" alisema Musonda. "Moto ya muwindaji inachochewa na ndugu yake. Weye iko nani yangu?"

Swali hilo ndilo lililomleta. Désiré alitaka kumwoa Adolphine, binti wa Musonda, naye alikuwa mtu wa Kasai, katika mwaka ambao watu wa Kasai walifukuzwa majumbani mwao na kupakiwa kwenye treni. Wajomba wa binti walikwisha kukataa. Baba peke yake alisema: "Aje kwanza mu pori. Nitamuona."

Musonda huyu, mlinzi wa ghala wakati wa mvua na mwindaji kiangazi kikiingia, alikuwa mfupi, mwenye matege, na akikoroma hata fisi walikaa mbali. Alipenda sukari kupita kiasi, akaiweka mfuko mmoja na baruti, hivyo chai yake ilinuka bunduki. Kesho yake walitoka kuwinda, na njiani alimdhihaki mwenzake bila kugeuka.

"Mukasai, viatu yako inaimba misa? Nyama yote imeshaenda komunyo!"

Désiré akavivua, akatembea peku, akakanyaga miiba na kuendelea.

Walimfuata pofu dume mpaka bondeni. Gobori likalia, moshi ukawafunika, na mnyama yule mkubwa kuliko ng'ombe akalala chini. Musonda alimfunika macho kwa majani mabichi.

"Samahani, mukubwa," alimwambia. "Kule mu cité, ku mitaa yetu, bantu iko na njaa."

Désiré alimsikia, na tangu hapo hakuweza tena kumwogopa.

Nyama ilikuwa ingali chanjani alipofika Chomba, jirani yao wa mtaa wa Ruashi mjini, akisukuma baiskeli, kusaidia kubeba.

"Tata Musonda, uyu Mukasai usirudi naye. Askari banasimamisha bantu ku bariyeri, banauliza kila muntu kijiji ya baba yake. Aende kwao tu."

Désiré akaanza kuvaa viatu. Basi atapanda treni kama wenzake, na Adolphine abaki. Damu kidogo ikalowesha soksi.

Musonda alimaliza kufunga paja la pofu juu ya baiskeli. Kidari akakiviringisha peke yake ndani ya majani. "Hii ya mama ya Adolphine." Kisha akageuka. "Mukwe, unangoja nini? Moto inazimika."

"Mugeni achochee moto yako?" Chomba aliruka.

"Mugeni wapi? Angalia miguu yake, pori imeshamukula." Akamgeukia Désiré. "Kaa apa, uchunge nyama. Askari bakichoka, nitarudia na Adolphine na chumvi. Na sukari yangu usiimalize!"

Akaondoka akisukuma baiskeli, akibishana na Chomba mpaka sauti zao zikamezwa na miti.

Désiré akavua viatu tena. Akachagua gogo, akalisukuma motoni polepole, kidole kikiwa bado kinangoja fimbo.