Barasa, Gita la Baba na Jiwe Langu

Siamini bado. Asubuhi hii nimepiga simu yake mara mbili, kama mjinga, nikingoja aseme, "Leta hiyo kitu niione."

Barasa wa Mashimoni ametuacha. Fundi wangu wa redio, wa ampu, wa gita. Rafiki yangu tangu miaka ya tisini.

Wengi mnaniandikia pole na kunikumbusha vile nilimwokoa pale Kawangware. Kamati ya mazishi hata iliniweka kwenye programu nisimulie kisa hicho Jumamosi. Kabla hamjaniita shujaa tena, someni hii mpaka mwisho.

Gita lilikuwa la marehemu baba. Zee, tumbo limebenuka kama mgongo wa kijiko, na matundu mawili marefu kandokando ya nyuzi.

Pikapu yake ikafa, ile sumaku inayokaa chini ya nyuzi na kupeleka sauti kwenye ampu, kikuza sauti. Fundi wa kwanza alinipokea na msumeno. Alitaka kukata tumbo apachike nyingine kwa nguvu.

Nikaelekezwa Kibera, pale Mashimoni. Barasa aliligeuzageuza gita, akalibisha hodi kwa kidole. "Nani alitaka kukata hii? Nionyeshe huyo mtu nimkate yeye." Alikuwa ameshika soldering iron ya moto, ile chuma ya kuunganishia waya. Sikucheka.

Mikono ile! Alifunga uzi kwenye kila kitufe cha sauti kabla ya kukizamisha tumboni mwa gita, halafu akakivuta taratibu kutokea kwenye tundu lake la zamani. "Usitumbukize kitu ndani kama hujashika kamba ya kukirudisha." Pikapu mpya aliining'iniza kwa kibati chembamba kando ya shingo, isiguse ubao kabisa. Hakutoboa hata tundu la sindano.

Tulikubaliana nilichukue Jumamosi. Alimaliza Alhamisi. Mtu mwingine angengoja, lakini Barasa alikuwa na furaha ya mtoto aliyeshika namba moja darasani. Akalifunga gita kwa shuka, akatembea nalo kutoka Mashimoni hadi kwetu Kawangware, mchana kweupe.

Pale mtaani kila mtu alilijua gita langu, mimi Odhis. Yeye hakujulikana na mtu.

Shingo ya gita ilichomoza kwenye shuka. Mama mboga wa kona akapaza sauti, "Si hiyo ni gita ya Odhis? We, umeitoa wapi?"

Na Barasa, kwa ule utani wake wa fundi aliyemaliza kazi, akajibu, "Leo ni yangu, mama!"

Mwizi! Mwizi!

Mimi nilikuwa kwa kinyozi, kichwa kimenyolewa nusu. Mliokaa mitaa ile mnajua. Huulizi ni nani, huulizi kaiba nini. Ukisikia mwizi, unaokota. Nikatoka mbio, kitambaa cha kinyozi shingoni, nikaokota jiwe, nikalirusha juu ya vichwa vya watu kabla sijaona aliye chini.

Nilisikia mfupa. Nausikia mpaka leo.

Watu wakaachana kidogo, nikaona. Barasa amepiga magoti, amejikunja juu ya gita kama kuku na vifaranga. Damu inamtoka puani na masikioni. Mkono wa kushoto ameuweka juu ya shingo ya gita, vidole viwili vimepondeka, na jiwe langu liko hapo kando. Mmoja anampiga mateke ya mbavu, mwingine anaitisha mafuta ya taa. Tairi lilikuwa njiani, linabingirishwa na watu wanaocheka.

"Wachaneni na yeye! Ni fundi wangu! Gita ni yangu, mimi ndio nilimpea!"

Nikamlalia. Nikala rungu mgongoni, nikapasuliwa sikio, mpaka mama mboga mwenyewe akaanza kupiga nduru kwamba ni makosa. Hiyo ndiyo sehemu mnayoijua.

Hospitalini, uso umevimba macho hayaonekani, swali lake la kwanza lilikuwa, "Umetest?"

Nilikuwa nimetest. Linaimba, bila mngurumo wowote. Nilimwambia hilo tu. Jiwe sikulitaja. Niliogopa, na niliona aibu.

Miaka yote hii alinitambulisha kwa watu, "Huyu jamaa ndiye alinitoa kwa moto." Watu wakaninunulia soda, nami nikanywa. Vile vidole viwili havikunyooka tena. Alijifunza upya kushika waya, akilaani na kurusha bisibisi ukutani.

Mwezi uliopita, alipolazwa wodini, nikashindwa kuendelea kunyamaza. "Barasa, lile jiwe la vidole..."

"Lako. Nilikuona."

"Kwa watu wote wale?"

"Odhis, nani mwingine alikuwa amenyolewa nusu kichwa?" Akacheka mpaka nesi akaja kututuliza.

Nikamuuliza mbona hakusema. "Ningesema, ungerudi kwangu? Gita ya mzee wako ingeenda kwa yule wa msumeno."

Halafu akaacha kucheka. "Wengi walirusha. Ni wewe peke yako ulikuja ukanilalia."

Nililia pale kitandani kwake kama mtoto. Hata sasa naandika nikilia.

Mke wake, Mama Nekesa, nilimwambia jana, uso kwa uso. Nilidhani atanifukuza. Akasema, "Jumamosi usikuje na hotuba. Kuja na gita."

Basi nitakuja nalo, Barasa. Pikapu ni ile ile uliyoifunga wewe, na ubao wa baba haujaguswa. Nisamehe vidole vyako.

Lala salama, fundi. Nimelitest asubuhi hii. Liko sawa.