Mama Numbi Alipiga Magoti Mbele ya Wageni

Nilitoka Lubumbashi kwa sababu ya simu ya mama mdogo Numbi, ndugu ya mama yangu. Ana malewa, kibanda cha chakula, karibu na gare ya treni ya Kamina. Mkubwa mmoja wa mji alimwambia: wageni wa ng'ambo wanakuja, atakayewapikia chakula cha kwao atabaki na kibanda chake, mwingine aondoke. Mimi ni mpishi wa hoteli. "Kuya unifundishe ile spageti, mwana, ao nitakwisha," alilia.

Bukama, treni ilisimama sana, kama kawaida yake. Nilinunua samaki wakavu wa Kinkondja kupitia dirishani.

Kufika Kamina, mama Numbi alinusa mfuko wangu. "Ficha ile samaki! Bageni bakisikia harufu, tumekwisha." Nilicheka. Yeye hakucheka. Sahani zake za bati alishaziondoa, na mlangoni kulikuwa na maua ya plastiki. Tulipika kutwa nzima. Maskini, alikuwa anasonga spageti kwa mwiko sawa bukari, ugali wetu!

Kesho yake wageni walikuja na yule mkubwa. Mama Numbi aliweka sahani mezani vizuri kabisa. Halafu, bila kufikiri, akapiga magoti na kupiga makofi polepole, jinsi mwanamke wa Kiluba anavyomheshimu mgeni anapomletea chakula. Mzungu mmoja akaruka! Alidhani mama ameanguka, ao anaomba. Akamshika mkono, akamwinua. Mkubwa, Muluba vilevile, akatazama pembeni. Neno moja tu la kueleza lingetosha, lakini wapi! Baadaye alikuja jikoni: "Mama, umetupatisha haya. Kesho utoe bintu byako."

Asubuhi tulitoa vyungu na viti, tukafagia. Niliwaka hasira, na hasira ikawa uchungu. Nimejifunza kwamba mji unaweza kuwapa wageni kila kitu walichokizoea, na bado ukaona haya kuwaambia namna unavyowaheshimu. Mji wa hivyo unampokea nani?

Saa ya kurudi, mama Numbi alisimama chini ya dirisha la treni. Habari ya kibanda hakuitaja.

"Sema kweli, mwana. Ile saa nilipiga magoti, balijua kama nilikuwa nabasalimia?"

"Balijua, mama."

Akatabasamu, akanipungia mkono, na treni ikaondoka. Nililia, maana hawakujua.